Kwa Nini Roketi ya Brashi Ilipiga Sarakasi

Benchi letu liko kwenye kona, chini ya bati la Soli, fundi viatu, na mbele yake ukivuka barabara ni uwanja wa shule ya msingi. Soli hukaa kwenye kigoda na sanduku lake la visumari. Mimi naweka jiko na birika la kahawa upande ambao upepo hauufikii, mtoto mgongoni, vikombe kwenye ndoo ya maji. Ncha ya benchi ni ya Redio, mlinzi wa ghala, ambaye husikiliza redio usiku kucha na mchana hutueleza dunia inaendaje. Katikati hukaa Kocha, aliyewahi kufundisha timu ya mtaa mpaka timu ikamkimbia. Nafasi inayobaki ni ya Brashi, mchora mabango, na mchana huo alikuja bila brashi hata moja. Alikuja amekumbatia roketi yake kama mtu anayempeleka mtoto mwenye homa zahanati.

Kocha: Karibu, bwana sarakasi!

Soli: Kocha, mwache mtu akae kwanza.

Kocha: Si nimemkaribisha?

Roketi yenyewe ilikuwa ndefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko, nyeupe, ina mikanda myeusi. Brashi aliiona ile ya kweli, ya kwenda angani, kwenye picha, akaipunguza kila kipimo sawasawa, akaijenga kwa karatasi ngumu na mbao laini mpaka ukiiweka mbali kidogo unadhani ndiyo yenyewe. Wiki iliyopita aliirusha mbele ya shule nzima. Ilipanda hadi usawa wa paa la darasa, ikageuka kichwa chini miguu juu, ikazunguka tena, halafu ikaenda kujichomeka kwenye matope ya bomba. Haikumgusa mtu. Ila vicheko vyake mpaka huku benchini tulivisikia.

Nilimmiminia kahawa kabla hajaomba. Alikishika kikombe tu.

Mimi: Kunywa, shemeji, inapoa.

Brashi: Binti yangu haongei na mimi, shemeji.

Mimi: Tangu lini?

Brashi: Tangu siku ile. Shuleni wanamwita Bi Sarakasi. Akiingia darasani wanajipindua juu ya madawati. Leo asubuhi kaniambia, "Baba, ukirusha tena jioni, mimi siji. Nitaenda nyumbani moja kwa moja."

Kocha, ambaye kila siku husema hata mvua ikinyesha haachii nafasi yake, aliinuka, akapangusa mbao kwa kofia yake, akamwashiria Brashi ailaze roketi pale. Yeye akabaki amesimama.

Brashi: Nimebakiwa na injini moja, na inawaka mara moja tu. Mwalimu mkuu kasema jioni hii ndiyo mwisho. Ikigeuka tena, uwanja unarudi kwenye mpira.

Kocha: Uwanja ni wa mpira hata isipogeuka.

Redio: Kocha!

Kocha: Haya, nimenyamaza. Sasa ugonjwa wake ni nini?

Brashi akailaza roketi juu ya kidole kimoja, kama unavyotafuta katikati ya mwiko ili usianguke. Ikayumba, akaisogeza, ikatulia. Halafu akatuonyesha alama ndogo ya penseli kwenye mkanda mweusi.

Brashi: Hapa penye alama ndipo iliposimama kidoleni siku niliyoimaliza, injini ikiwa ndani. Leo nimeweka injini ya aina ileile, angalieni inaposimama.

Kidole chake kilikuwa nyuma ya alama, upana wa kiganja kizima, kuelekea mkiani.

Mimi: Uzito umehama?

Brashi: Umehama. Na sijaigusa. Nilipaka rangi tu, ikakauka hapa kwa Soli, nikaichukua.

Soli aligonga kiatu nyundo mbili. Redio akavuta pumzi, na tukajua linakuja.

Redio: Sumaku.

Kocha: Tumeanza.

Redio: Dunia ina sumaku, ndugu zangu. Nilisikiliza kipindi kizima. Kitu kikilala muda mrefu upande mmoja, sumaku inakivuta ndani kwa ndani.

Kocha: Roketi ya karatasi ivutwe na sumaku?

Redio: Karatasi inatoka kwenye nini?

Kocha: Mti.

Redio: Mti unakunywa maji ya wapi?

Kocha: Ya ardhini.

Redio: Ardhini kuna nini? Chuma! Sasa unabisha nini?

Kocha: Nabisha wewe. Hii ni rangi. Rangi imeteremka kama jasho. Mchezaji akichoka kipindi cha pili uzito wote unashuka miguuni, anaanza kuburuta. Hii imechoka.

Brashi: Imechoka na haijaruka?

Kocha: Basi ni woga. Nilikuwa na mshambuliaji mimi, mazoezini simba. Siku ya mechi akiona watu wamejaa, magoti yanagongana. Hiyo roketi imeona shule nzima imejipanga, ikashikwa na kiwewe. Ungeirusha peke yako porini ingeenda mpaka mwezini.

Redio: Woga hapana. Roketi haina woga. Ila nimepata sasa. Nimepata! Brashi, ile ya kweli ikifika juu huwa inafanyaje?

Brashi: Inalala upande, inaanza kuizunguka dunia.

Redio: Inageuka!

Brashi: Inageuka, ndiyo, lakini...

Redio: Hakuna lakini. Wewe umeiga kila kitu. Umeiga vizuri kupita kiasi mpaka na kugeuka umeiga.

Kocha: Igeuke juu ya paa la darasa la tatu?

Redio: Si kapunguza kila kipimo? Na kimo cha kugeukia kimepungua!

Nilicheka mpaka mtoto mgongoni akashtuka. Brashi naye alicheka, kidogo, kwa pua, na ndipo akanywa kahawa yake. Nikamwongeza.

Halafu nikauliza lililokuwa linanisumbua muda wote.

Mimi: Lakini shemeji, kama mkia umekuwa mzito, si ndiyo vizuri? Mtungi mzito chini hauanguki. Hata mtoto akianza kukaa, unamwekea mito kiunoni, siyo kichwani.

Kocha: Shemeji kasema. Mchezaji mwenye matako mazito hasukumiki.

Redio: Hapo hata mimi naunga mkono.

Soli: Kweli kabisa. Kitu kizito chini kinasimama.

Alisema haraka, bila kuinua macho. Nilimwona, nikadhani ni kazi imembana.

Brashi: Mnasema habari ya kusimama. Mimi nataka iruke. Soli, una boksi la viatu usilolihitaji?

Soli akampa. Brashi akalikunjua boksi lote, akailaza roketi juu yake, akachora umbo lake kwa penseli, akaazima kisu cha ngozi, akakata. Ikatoka roketi bapa, kama kivuli cha ile nyingine. Akaiweka juu ya mgongo wa kisu, akaisogeza mpaka ikalala sawa bila kuinama huku wala huku.

Brashi: Hapa kwenye kisu ndipo upepo unaposukumia, kwa kukisia. Upepo haujali ndani kuna nini. Unajali umbo, wapi ni papana, wapi ni pembamba. Sasa roketi ikiwa hewani inazungukia pale uzito unapokaa. Uzito ukiwa mbele, upepo unausukuma mkia nyuma, kichwa kinaongoza. Mmeona mshale? Chuma mbele, manyoya nyuma.

Mimi: Na uzito ukiwa nyuma?

Brashi: Mkia ndio unaotaka kuongoza njia. Kichwa kinarudi nyuma. Inageuka.

Kocha: Sarakasi.

Brashi akaweka roketi yake kando ya ile ya boksi. Mahali pa uzito na mahali pa upepo palikuwa karibu kulingana, na pa uzito ndipo pamerudi nyuma zaidi. Hata mimi ambaye kazi yangu ni sukari na maji ya moto niliona.

Kocha: Si uongeze mapezi? Weka makubwa, kama ya papa. Upepo ushike nyuma vizuri.

Brashi: Ile ya kweli ina mapezi madogo hivi hivi. Nikiyakuza itaruka, lakini haitakuwa ile. Binti yangu ndiye aliyenihesabia mistari yake kwenye picha. Mmoja mmoja. Ukiongeza unene wa ukucha atajua.

Redio: Sasa uzito umehamaje? Tumerudi palepale. Mimi bado niko kwenye sumaku.

Hapo ndipo nilipomtazama Soli vizuri. Alikuwa anagonga kisigino cha kiatu cha kike, tap, tap, tap, na nyundo haikuwa na msumari wa kugonga. Kiatu kile alikimaliza tangu asubuhi. Mwenyewe alikuwa amekipiga rangi na kukifungia kwenye mfuko.

Mimi: Soli.

Soli: Naam.

Mimi: Kiatu hicho kimekwisha.

Akaiweka nyundo chini. Akajifuta mikono kwenye aproni, kiganja na mgongo wa kiganja.

Soli: Brashi, kaka yangu. Siku zile uliponiachia ikauke, upepo ulikuwa unaiangusha. Kila nikigeuka, iko chini. Rangi mbichi, vumbi limeshika, nafuta taratibu kwa pamba. Nikaisimamisha tena, ikaanguka tena. Nikaona huruma, mtu ametesekea kazi yake hivi. Nikachukua vile vyuma vya visigino, vidogo, nikavipanga huko chini kwenye mkia kuzunguka, nikavibana na gundi. Ikasimama. Hata pikipiki ikipita haitikisiki.

Brashi akaigeuza roketi, akatazama mkiani.

Soli: Nikafunika na duara la ngozi nyeusi, ipendeze.

Brashi: Lile duara la ngozi?

Soli: Ndilo.

Brashi: Mimi nilidhani ni mke wangu kaliweka! Nikamshukuru!

Kocha: Akasemaje?

Brashi: Akaitikia! "Asante ya nini, mume wangu, ni kawaida tu."

Redio aliinama akashika magoti, anacheka bila sauti. Kocha alimwaga kahawa kwenye suruali. Soli peke yake hakucheka, alikuwa anamtazama Brashi usoni kama mtu anayesubiri daktari atoke chumbani. Brashi akaweka mkono begani kwake.

Brashi: Uliishikilia isianguke, Soli. Nani mwingine angehangaika na mdoli wangu?

Soli: Nimemharibia mtoto wiki nzima.

Brashi: Basi tutoe. Muda bado upo.

Soli akaichukua roketi kama inavyopaswa kuchukuliwa, mkono mmoja chini ya tumbo lake. Akang'oa duara la ngozi. Gundi yake anaijua mwenyewe. Alipaka dawa ya kulainishia kwa kijiti, akasubiri, akaingiza ncha ya kisu, chuma cha kwanza kikatoka. Cha pili kikatoka. Vilivyokuwa vimegusa mrija wa injini vikakataa.

Soli: Nikivuta hivi, na mrija unakuja.

Brashi: Usivute. Vibaki.

Redio: Sasa?

Brashi: Sasa tunadaiwa mbele. Mkia ukibaki na uzito wake, kichwa nacho lazima kipewe chake.

Akachomoa kichwa cha roketi, kile chenye ncha. Ndani kilikuwa kitupu. Wakaanza kutafuta cha kuweka. Redio alitoa betri ya redio yake, na mnajua hiyo redio kwake ni nini. Brashi akamrudishia, ni nene, haiingii. Kocha akatoa filimbi yake ya zamani shingoni, akaigeuza geuza, akasema hata hivyo timu yenyewe haipo. Nayo haikuingia, na niliona alivyoirudisha ndani ya shati kwa haraka, amefurahi. Mwishowe ni vyuma vilevile vya Soli vilivyoingia, vimechanganywa na udongo wa kuchezea wa mwanangu mkubwa niliokuwa nao kwenye kikapu. Brashi alivigandamiza mpaka nchani kabisa.

Mimi: Kwa nini nchani kabisa?

Brashi: Mbali ndiko kidogo kinakuwa kingi. Ukikaa mwisho wa benchi na mwenzako kakaa katikati, nani analiinua?

Mimi: Mwembamba wa mwisho anamwinua mnene wa katikati.

Brashi: Umeona. Na sitaki nijaze, injini itashindwa kuinyanyua.

Kidoleni, sasa ilisimama mbele ya alama ya penseli. Brashi hakuridhika. Akaomba uzi wa kushonea viatu, ule wenye nta, akaufunga pale inaposimamia, akabandika kipande cha utepe usiteleze. Akatoka hadi katikati ya kona, akatuambia tusogee, akaanza kuizungusha juu ya kichwa chake.

Mara ya kwanza ilizunguka upande upande, kama samaki aliyeshikwa ubavuni. Kocha akafumba macho.

Brashi: Bado kidogo. Soli, ongeza chuma kimoja.

Soli akaongeza.

Mara ya pili ilianza na kuyumba, ikayumba, halafu ikajinyoosha. Kichwa mbele. Mkia unafuata. Ikapita juu yetu na kijisauti chembamba, mzunguko baada ya mzunguko, inatazama inakokwenda tu. Mtu wa baiskeli alisimama. Mwanangu mgongoni akanyoosha kidole.

Redio: Inajua njia.

Kocha: Kimya, usiitie kiwewe.

Shule ilikuwa imetoka. Watoto walikuwa wanamiminika uwanjani, na upande wetu wa barabara alikuja mmoja, begi mgongoni, soksi zimeshuka, anatembea karibu na ukuta na uso ameugeuzia ukutani. Alikuwa amefika usawa wa jiko langu aliposikia ule mlio. Akatazama juu. Akasahau kuficha uso.

Binti: Baba, unafanya nini?

Brashi hakuacha kuzungusha. Nadhani aliogopa akiacha mtoto ataondoka.

Brashi: Naipima, mama. Ikitangulia kichwa huku, na hewani itatangulia kichwa.

Binti: Na ile siku hukuipima?

Brashi: Niliipima kidoleni tu, kabla ya rangi. Halafu ikaongezeka uzito mkiani.

Binti: Nani aliongeza?

Soli alifungua mdomo.

Brashi: Upepo ulikuwa unaiangusha, ikabidi isaidiwe kusimama. Shika uzi huu, nipumzike mkono.

Akashika. Mara ya kwanza ilimgonga Kocha kwenye kofia, na Kocha akasema haikuuma, ingawa alikuwa anasugua kichwa. Halafu akapata mwendo. Akawa anazunguka na kuzunguka, begi linamruka mgongoni, macho hayaiachii. Alipochoka aliishusha polepole mpaka ikatua kwenye kiganja cha baba yake. Akachukua ile ya boksi, akaitazama, akaitazama na ile ya kiganjani mwa baba yake. Akapitisha ukucha kwenye mapezi.

Binti: Hujayakuza.

Brashi: Sijayagusa.

Akafikiri. Halafu akatugeukia wote, mmoja mmoja, kama mwalimu anayetafuta wa kumwinua.

Binti: Sasa na ile ya kweli, ndefu kuliko ghorofa, waliizungusha na nini?

Redio alivuta pumzi. Tukasubiri. Akaitoa ileile alivyoivuta.

Kocha: Helikopta.

Binti: Helikopta inabeba ghorofa?

Kocha: Kubwa.

Binti: Na kamba yake nene kiasi gani?

Kocha akanitazama mimi. Mimi nikatazama birika, na birika lilikuwa tupu.

Soli: Labda waliikata ya boksi, na wao.

Binti: Boksi la viatu vya nani, mkubwa hivyo?

Kutoka uwanjani mwalimu aliita jina la Brashi, mikono ameiweka mdomoni kama tarumbeta. Watoto walikuwa wameshajipanga, na wengine walikuwa wanajipindua kwenye majani wakisubiri. Binti aliwaona. Akapandisha soksi moja, akaiacha nyingine. Akaichukua roketi mkononi mwa baba yake.

Binti: Nabeba mimi. Wewe utajikwaa.

Soli alifunga sanduku lake na kiatu cha mteja kikiwa bado nje. Kocha alitangulia kusimamisha magari ambayo hayakuwepo. Mimi nilimwagia jiko maji, nikakaza kanga ya mtoto, nikawafuata. Brashi na binti yake walikuwa mbele yangu kidogo, na nilimsikia anamwambia:

Brashi: Hebu uliza tena, mama.

Alikuwa amelisikia swali la ile ya kweli vizuri tu. Na binti akauliza tena, kwa sauti kubwa, katikati ya barabara.